Laki tisa, Jambiani na upepo wa kusi: nichukue droni ipi?

Swali: "Assalaam alaykum kaka. Mimi kijana wa Jambiani, nipo mapokezi kwenye nyumba ndogo ya wageni. Bosi anataka video za kuweka Instagram, na mimi mwenyewe nataka kujiongezea kipato, nipige harusi na vijumba vya kukodisha. Nimedunduliza laki tisa. Darajani nimeoneshwa droni ya laki mbili na nusu, boksi limeandikwa 8K, ina kamera mbili. Kuna jamaa anauza DJI aliyokwishaitumia, anataka laki saba. Wenzangu wanasema nianze na hiyo ya rahisi nijifunzie. Nichukue ipi?"

Waalaykum salaam, mdogo wangu.

Ile ya 8K iache pale pale kwenye kabati la duka. Hilo nakujibu kabla hata sijakaa vizuri, maana kila baada ya muda mtu huniletea moja ya namna hiyo, imevunjika mkono au imerudi nusu, na maelezo ni yale yale: "Iliruka vizuri tu, mara ikachukuliwa." Ikachukuliwa na nini? Na upepo, si jini.

Vidude vile vina uzito wa gramu mia na kitu, na vingi ndani yake hamna GPS. Ukiachia vijiti vya rimoti havijui viko wapi, basi vinafuata upepo. Kamera imegandishwa kwenye mwili wa droni, kwa hiyo kila mtikisiko utauona kwenye video. Picha inasafiri kwa Wi-Fi mpaka kwenye simu yako, na mara nyingi hapo kwenye simu ndipo inaporekodiwa; mawasiliano yakikatika, na video imekatika. Hiyo 8K, yaani ukubwa wa picha, ni wino wa boksi. Kamera yenyewe ni duni, programu ndiyo inayoivuta picha mpaka ifike ukubwa huo, kama mtu aliyekuza picha ya pasipoti akaitundika sebuleni. Na hao wanaokwambia uanze nayo ujifunzie wamegeuza mambo juu chini. Droni yenye GPS ukiachia vijiti inasimama palepale hewani, inakungoja ufikiri. Hii haikungoji. Ni kumfunza mtoto kupanda baiskeli kwa baiskeli isiyo na breki.

Wengi wakinunua droni huanza kuuliza kamera. Mimi kwa mtu wa Jambiani naanza na upepo. Kuanzia kama Juni mpaka Septemba kusi inapiga hapo kwenu mchana kutwa. Ndiyo inayowaleta Paje wale wageni wa kuteleza baharini kwa tiara, na wale hawapandi ndege kutoka Ulaya kufuata upepo wa kupoza uji. Disemba mpaka Machi inageuka kaskazi. Tazama hiyo miezi: ndiyo hiyo hiyo nyumba yenu inapojaa na bosi anapotaka video. Huwezi kusema utarusha msimu wa utulivu, kwa sababu msimu wa utulivu hauna wageni.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni upepo kiasi gani droni inauvumilia. Chukua droni mbili za kampuni ya DJI. Mini 4K, mtengenezaji anaiandikia mita 10.7 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 38 kwa saa. DJI Neo, ile ndogo kabisa ya gramu 135 inayorukia kiganjani, ni mita 8 kwa sekunde, kama kilomita 29. Tofauti hiyo kwenye karatasi inaonekana ndogo. Ufukweni mwenu mwezi wa Agosti ndiyo tofauti ya kurudi na kutorudi. Tena kumbuka upepo unaouhisi usoni ukiwa umesimama chini ya minazi si ule ulioko mita hamsini juu. Huko hakuna cha kuuzuia. Mimi natazama makuti. Yakiyumba na kurudi, narusha. Yakilala upande mmoja yakabaki yamelala, droni inabaki mkobani hata mteja akinuna.

Kuna jambo la visiwa vyetu ambalo hulikuti kwenye kijitabu cha maelekezo. Kusi inatoka kusini mashariki, kaskazi inatoka kaskazini mashariki. Zote mbili, basi, zinaingia kwa upande wa mashariki. Wewe wa Jambiani umebahatika: ukiipeleka droni juu ya bahari inapanda upepo wakati betri imejaa, na wakati wa kurudi inateremka nao. Ikikushinda kabisa itaishia kwenye minazi au juu ya paa la jirani. Utaomba radhi, utapanda, utaichukua. Lakini ukipata kazi Fumba, Mangapwani au Mji Mkongwe, au Pemba upande wa Wete na Mkoani, upepo ule ule unaisukuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, kuelekea Bara, na huko hakuna paa. Pande za magharibi mimi sipeleki droni mbali na ufukwe hata siku ambayo bahari imelala kama mafuta kwenye sufuria.

Na ikianza kuzidiwa, usiiongezee urefu ukidhani utaiona vizuri. Ishushe, maana chini upepo ni mdogo, halafu sogeza swichi ya rimoti kwenye S, yaani mwendo wa kasi. Kwenye Mini 4K mwendo wa kawaida ni mita 10 kwa sekunde, na kwenye S inafika 16. Upepo wa mita 10 dhidi ya droni ya mita 10, hesabu unaijua: inapiga kelele hewani haisogei, na betri inakwisha.

Betri nayo usiamini karatasi. Mini 4K imeandikwa dakika 31, na hizo ni za hewa tulivu. Mimi huhesabu 20, zinazobaki ni za safari ya kurudi na za bahati mbaya.

Sasa ngoja nikupe kisa cha kurudi. Droni hizi zina kitufe cha kurudi nyumbani zenyewe, na ni kitu kizuri mno, ila "nyumbani" kwake ni pale iliporukia, si pale ulipo wewe. Nilikuwa ndani ya boti Menai, nje ya Kizimkazi, nawapigia wageni. Nimeirusha, tumezima mashine, maji yanatusukuma taratibu, hakuna aliyeangalia. Betri ilipopungua ikaanza kurudi yenyewe. Nikaiona inapita juu yetu, inakwenda zake, inasimama juu ya maji matupu kama mita mia mbili nyuma, inaanza kushuka. Pale ndipo boti ilipokuwa robo saa nyuma. Nikaikatiza ile safari, nikaivuta kwa vijiti, nahodha naye kawasha mashine anakata mawimbi kuifuata. Nimeidaka kwa mkono betri ikiwa asilimia 6, na kidole cha shahada mpaka leo kina alama. Ukiwa botini, kila baada ya dakika chache badilisha mahali pa nyumbani kwenye programu, ipe pale ilipo rimoti. Nchi kavu, panga urefu wa kurudi uwe mita 50 hivi, ipite juu ya minazi. Tena vile vihisi vyake vya chini vinavyopima umbali wa ardhi, juu ya maji vinachanganyikiwa, hasa maji ya kioo kama ya kwenu, yanayoonesha mchanga wa chini. Usiishushe chini ya mita tatu juu ya bahari kutafuta picha ya kuvutia.

Haya, kamera sasa, na majina.

Uzito wa chini ya gramu 250 ndiyo familia ya kutazama: nyepesi, inaingia kwenye mkoba wa bega, na kwa fedha yako ndiyo inayofikika. Ndani ya familia hiyo tafuta kitu kimoja bila mjadala, gimbali ya mihimili mitatu, yaani kile kishikio kinachoiweka kamera imetulia wakati mwili wa droni unahangaika. Ukiishika droni mkononi imewashwa, ukaiyumbisha, kamera inabaki inatazama mbele kama shingo ya kuku. Hiyo ndiyo. Neo ina gimbali ya mhimili mmoja tu, sehemu iliyobaki programu ndiyo inayotuliza. Kwa kumfuata mgeni anayekimbia ufukweni asubuhi inapendeza, kwa kazi ya nyumba nzima upepo utaionea.

Mini 4K ilitoka mwaka 2024 kwa dola 299 huko Marekani, pamoja na rimoti na betri moja. Zidisha kwa dola ilivyoamka siku hiyo, weka usafiri na ushuru, laki tisa zako zitaigusa kwa taabu. Chini yake kuna Mini 2 SE. Mwili ni uleule karibu, inaruka vilevile, lakini inarekodi 2.7K, na hapo ndipo ninapokuzuia, kwa sababu ya Instagram. Video ya simu inataka kusimama wima. Droni hizi zote mbili zinapiga ulalo, kwa hiyo utakata katikati. Ukikata wima kutoka kwenye 4K unapata upana wa nukta 1215 kwa urefu wa 2160, inatosha skrini ya simu na chenji inabaki. Ukikata kutoka kwenye 2.7K unapata kama 860 kwa 1530, na hiyo haifiki hata 1080 kwa 1920 ambayo ndiyo ya kawaida. Bosi hatajua kwa nini video zake zinaonekana zimefifia kuliko za jirani. Wewe utajua.

Mini 3 inaigeuza kamera yenyewe wima, kihisi chake cha picha ni kikubwa zaidi na magharibi ikiingia haifanyi chengachenga haraka. Ni nzuri, mimi naipenda, lakini si ya laki tisa. Ukianza kupata kazi za harusi utaifikia.

Zote tatu, Mini 2 SE, Mini 4K na Mini 3, hazina macho ya mbele. Zikikutana na mnazi zinaugonga. Na hapo Paje kuna zile nyuzi za tiara, zina urefu wa zaidi ya mita ishirini na kwenye kioo cha simu huzioni kamwe. Hapo mimi hupita nyuma ya ufukwe, sipiti juu ya maji.

Mchanga wenu ni laini kama unga wa sembe. Mapanga yakianza kuzunguka unapanda wote, unaingia kwenye mota na kwenye gimbali. Mimi nabeba kreti la soda, nalipindua, ndiyo kiwanja changu cha ndege. Ukirudi nyumbani ifute kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi, halafu kikavu. Mvuke wa chumvi hauonekani lakini baada ya miezi skrubu zinaota ukungu mweupe.

Kuhusu saa ya kupiga, vitabu vyote vinasema alfajiri na jioni. Kwa nyumba na kijiji ni kweli, na asubuhi upepo pia hupungua. Ila ile rangi ya bahari inayowatoa wageni kwao inatoka jua likiwa juu, saa nne mpaka saa nane mchana, maji yakiwa yamejaa, mwanga unapiga mpaka kwenye mchanga wa chini. Kwa saa hizo nunua kichujio cheusi cha kuvisha kamera, miwani ya jua ya droni, la sivyo video itakuwa kali na yenye kurukaruka. Maji yakipwa hapo Jambiani utapata mistari ya mwani, picha nzuri mno kutoka juu. Lakini wale ni kina mama zetu wako kazini, wamelowa mpaka kiunoni, na kila mgeni ameshawapiga picha bila salamu. Nenda kwa miguu kwanza, omba ruhusa, waoneshe kile utakachopiga. Mara nyingi watakwambia piga, ila usishuke. Na usishuke.

Hilo linanipeleka kwenye harusi, ambako sitakuficha. Soko la droni kwenye harusi zetu ni dogo kuliko unavyofikiri. Upande wa wanawake droni haina nafasi, nyua zetu ziko wazi kwa juu, na mama aliyevua ushungi uani kwake hatakusamehe. Kinachouzika ni msafara wa bwana harusi, magari, watu wakitoka msikitini, ukumbi kwa nje. Dakika mbili za video, basi. Hesabu yako ijengwe kwenye vijumba vya kukodisha.

Kabla hujatoa hata shilingi, kibali. Watu watakwambia ikiwa chini ya gramu 250 hakuna anayeuliza. Hiyo mipaka ya gramu wameisoma kwenye sheria za Marekani na Ulaya. Hapa uzito mdogo si kibali. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, kwa hiyo mlango ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na watu wa ulinzi nao wana neno lao. Ukipiga kwa biashara, Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni Zanzibar nalo linahusika. Inachukua muda, basi anza na hilo, fedha ikiwa bado mfukoni. Na kwa kuwa video ni za nyumba ya wageni, bosi ndiye aombe, kwa jina la biashara. Mueleze na sheha. Usidhani serikali haizijui droni: kuanzia mwaka 2016 wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na Kamisheni ya Ardhi walipiga picha Unguja na Pemba zima kwa ajili ya ramani, na mwaka 2019 zilinyunyizia mashamba ya mpunga Cheju kupambana na mazalia ya mbu. Kazi zile zilikuwa na serikali nyuma yake. Wewe na kreti lako la soda ufukweni hamna.

Uwanja wa ndege wa Kisauni, kambi za jeshi, bandari ya Malindi, Ikulu, hifadhi ya msitu wa Jozani, huko kote usiwashe. Na vile vijindege vya Cessna vinavyozunguka na wageni visiwani vinapita chini kuliko watu wanavyodhani. Nikisikia mlio tu nashusha. Mimi sivuki mita 60. Sijawahi kuona nyumba ya wageni iliyopendeza zaidi ikipigwa kutoka juu ya hapo.

Turudi kwa jamaa wa laki saba. Hujaniambia ni ipi. "DJI" ni jina la kampuni, ni kama mtu kukwambia anauza Toyota. Yaweza kuwa Vitz, yaweza kuwa Land Cruiser. Geuza droni, soma jina. Ikiwa Mini 2, ya mwaka 2020, inarekodi 4K na ni dada yake Mini 4K kabisa. Kwa laki saba na betri tatu ningefikiria, kwa betri moja ningemshusha bei. Ikiwa Mini SE ya mwanzo, ya mwaka 2021, achana nayo, ni 2.7K na mawasiliano yake ni ya Wi-Fi.

Usiinunue barazani. Mwambie mkutane uwanja wazi, uende na simu yako, maana programu ya DJI Fly kwenye Android huikuti Play Store, unaipakua kwenye tovuti ya DJI wenyewe, na baadhi ya simu za bei nafuu zinakwama nayo. Bora ujue hapo hapo. Mtake aitoe droni kwenye akaunti yake mbele ya macho yako, kisha uiunganishe na yako. Akisema "nitaitoa usiku", subiri usiku huo ndipo utoe fedha. Ndani ya programu fungua taarifa za betri, utaona zimechajiwa mara ngapi. Zikizidi mia, hesabu betri mpya kwenye bei. Zitoe moja moja, ziweke juu ya meza. Betri iliyovimba inayumba kama kiti kibovu. Zungusha kila mota kwa kidole bila umeme, isikike laini, isikwaruze. Tazama skrubu na matundu ya mota kwa tochi ya simu: ukungu mweupe au kijani ni maji ya chumvi, na hiyo hata kwa laki tatu usichukue. Iwashe uangalie kamera inavyojinyoosha. Ikitetemeka au ikilala upande, iliwahi kuanguka. Mwisho irushe mita tatu juu, achia vijiti, hesabu mpaka sitini. Isimame.

Ikisimama na umelipa, zile laki mbili zilizobaki usizile. Mapanga ya akiba seti mbili. Memori kadi ya GB 64 yenye alama ya V30, si ile ya kwenye sinia barabarani. 4K ya droni hizi inakula karibu MB 750 kwa dakika, kadi hiyo inakupa zaidi ya saa nzima. Kichujio cheusi. Betri moja zaidi, na ukisafiri kwa ndege zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Kisha kapige wiki mbili kwenye uwanja wa mpira wa hapo kijijini, asubuhi kabla watoto hawajakwenda skuli, maana wakikuona hutarusha, utakuwa unajibu maswali.